Kuimba na watoto wa chekechea bila kelele: mwongozo kamili kwa walimu wa Lamu na Malindi

Kosa ni lile lile, darasa baada ya darasa. Mwalimu anaanzisha wimbo, watoto wanaupokea kwa furaha, kufika mstari wa pili wanapiga makelele, na wa tatu amebaki kuimba yeye na watoto wawili wa mbele. Akigawa manyanga ili kuwavuta, darasa lageuka soko la samaki. Wengi hukata tamaa hapo, wakaamua kwamba watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hawawezi kuimba pamoja.

Wanaweza. Huharibika mambo matatu tu: wimbo umeanzwa kwa sauti isiyo ya koo la mtoto, mapigo hayajaingia mwilini kabla ya maneno, na ala zimetolewa mapema mno. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa watoto 30 wa miaka 4 na 5, kipindi cha dakika 30, kwa muda wa wiki mbili. Usiziruke, hata darasa lako likionekana changamfu.

## Vitu vya kuandaa

Wiki ya kwanza huhitaji ala yoyote. Unahitaji jamvi, kivuli, na ikiwezekana simu yenye programu ya bure ya kupimia unene na wembamba wa sauti. Vya wiki ya pili anza kuvikusanya mapema:

- Chupa 10 za plastiki za soda, za mililita 300 au 500, na vifuniko vyake
- Mchele, choroko au mtama, vijiko 2 vya chakula kwa kila chupa
- Vifuu 20 vya nazi
- Vijiti 20 vikavu, urefu sentimita 20, unene wa kidole gumba cha mtu mzima
- Karatasi 2 za msasa, gundi, na roli 1 ya selotepu pana
- Ndoo 1 ya plastiki ya lita 20, iwe ngoma yako mwalimu
- Mapakacha 3 ya kuwekea ala

Vifuu havinunuliwi. Nazi hukunwa karibu kila nyumba, kwa hiyo waombe wazazi kila mmoja alete viwili, na wiki haitaisha kabla hujapata zaidi ya unavyohitaji.

Tahadhari ya mbegu. Usitie kamwe ndani ya chupa zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, wala mbegu za mbarika. Ni nzuri kwa macho na zalia vizuri, lakini zote mbili zina sumu kali zikitafunwa, na mtoto wa miaka 4 akiona kitu chekundu kinang'aa atakitia mdomoni. Kwa sababu hiyo hiyo usilete darasani kayamba kuukuu ambayo hujui imejazwa mbegu gani. Matete yakichanika, mbegu zote ziko sakafuni.

## Kutengeneza ala

Manyanga ya chupa. Osha chupa, iache wazi siku nzima ikauke kabisa. Kaanga mchele mkavu kwenye sufuria, bila mafuta, dakika 3 au 4, kisha uache upoe kabisa ndipo uutie. Hewa ya Pwani ina unyevu. Mchele usiokaangwa hupata wadudu, na unaofungiwa ungali na joto hutoa jasho ndani ya chupa ukaota ukungu. Usizidishe robo ya chupa, kwa maana punje zikikosa nafasi ya kuruka sauti hufa. Paka gundi kwenye nyuzi za shingo, kaza kifuniko, gundi ikishakauka zungusha selotepu mara 3. Kisha jaribu kukifungua kwa nguvu zako zote. Kikizunguka hata kidogo, rudia kazi.

Vifuu. Chagua vilivyopasuka sawasawa katikati. Kwangua nyama yote ya nazi iliyobaki, vianike juani siku 3, halafu sugua ukingo kwa msasa mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzi. Nyama ikibaki huvuta sisimizi na kunuka.

Vijiti. Sugua ncha zote mbili ziwe mviringo. Kijiti chembamba kama penseli kikatae, kwa kuwa huvunjika, na kilichovunjika huwa na ncha ya kuchoma jicho.

Wapenda kupamba ala kwa simbi na makome wakumbuke kwamba ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi na Watamu hairuhusiwi kuokota. Karatasi za rangi zatosha.

## Mahali na saa

Kipindi cha asubuhi ni bora, kabla jua halijakaza. Miezi ya kaskazi, darasa la mabati likishapata joto, watoto huchoka haraka na sauti zao hulegea. Kivuli cha mwarobaini ni kizuri kuliko darasa, ila kipindi cha kusi angalia upepo utokako. Kaa upande unaovumia, upepo ukupige mgongoni, ili uichukue sauti yako na kuipeleka kwa watoto. Ukikaa kinyume chake utajikuta unapaza, nao watapaza kukujibu.

Waketishe nusu duara, mistari miwili, kila mmoja akiweza kunyoosha mkono bila kumgusa mwenzake. Darasa likiwa karibu na msikiti na adhana ikaanza, nyamazeni mpaka iishe.

## Hatua ya 1: Tafuta sauti ya kuanzia

Ukiisahihisha hatua hii peke yake, nusu ya kelele itakwisha.

Koo la mtoto wa miaka 4 au 5 huimba kwa raha ndani ya nafasi ndogo. Programu ya simu itakuandikia takriban D4 hadi A4, yaani Hezi 294 hadi 440. Wimbo mzima ukae humo.

Mwalimu hukosea kwa kuanzia pale anapozungumzia, ambapo kwa mtu mzima ni chini mno. Mtoto asipoweza kushuka huko haachi kutoa sauti. Husema maneno badala ya kuyaimba, na akitaka asikike, hupiga kelele. Kwa hiyo ukisikia darasa linanguruma, usiwalaumu. Panda juu kidogo uanze upya.

Huna simu? Sikiliza watoto wanavyoitana kichochoroni: "Maaa-ma! A-li!" Kuna sauti mbili hapo, ya kwanza juu, ya pili imeshuka kidogo. Ndizo so na mi za ngazi ya do-re-mi-fa-so. Mtoto huzitoa bila kufundishwa, na wimbo wa kwanza unapaswa kujengwa juu yake.

Mwalimu wa kiume ana kazi ya ziada. Ukiimba kwa sauti yako nzito, wadogo huifuata kule chini wasiipate. Tumia sauti nyembamba, laini, kama ya kumbembeleza mtoto mchanga. Ikikushinda, mpe mwalimu msaidizi wa kike aanzishe, au mtoto mwenye sauti iliyotulia.

Umefaulu ukiona: shingo za watoto zimelegea, hakuna anayenyoosha kidevu juu, na unaweza kumsikia mtoto mmoja mmoja ndani ya sauti ya wote.

## Hatua ya 2: Fundisha ishara ya kunyamaza

Kabla ya wimbo wowote, fundisha kuacha. Inua mikono miwili juu ya kichwa, kisha ishushe polepole mpaka magotini, kama tanga linalotuliwa. Mikono ikigusa magoti, kimya.

Fanyeni mara 5 kama mchezo: wapige makofi ovyo, wewe utue tanga, wao wanyamaze. Usiseme neno. Mwalimu anayesema "nyamazeni!" juu ya kelele anaongeza kelele, na mikono ikisharudi magotini haina la kufanya ila kutulia.

Wiki hii ya kwanza ishara isiposhika, ala za wiki ya pili zisubiri.

## Hatua ya 3: Tia mapigo mapajani

Gusa mapaja kwa mikono yote miwili kwa pamoja, mapigo sawasawa, takriban mawili kwa sekunde. Watoto wa umri huu hutulia kwenye mwendo wa kasi kuliko ule unaompendeza mtu mzima. Ukienda polepole "ili wakuelewe", utawapoteza.

Kwa nini mapaja na si makofi? Makofi huufunika wimbo, na mtoto hawezi kusikia sauti yake mwenyewe. Kwa nini mikono yote miwili? Kwa sababu kulia-kushoto-kulia kunataka ustadi ambao wengi wa miaka 4 hawajaupata. Kutembea kwa mapigo ni kugumu zaidi, kwa hiyo kuacheni mpaka wiki ya pili.

Anza kwa kumfuata mtoto. Mwache mmoja agonge mapaja anavyotaka, nyinyi nyote mfuate yeye. Baada ya watoto 3 au 4, wape mwendo wako. Waliofuatwa hujua kufuata.

Watoto wa Lamu mjini wamekwisha kusikia pembe za vugo zikigongwa harusini, na wengi wa Malindi wamesikia kayamba. Waulize: "Vugo lalia vipi?" Watakujibu kwa mikono. Anza na walicho nacho.

Umefaulu ukiona: unaacha kugonga ghafla, nao wanaendelea kwa mapigo 8 hivi bila kuharakisha sana. Kuharakisha kidogo ni kawaida, usikusahihishe.

## Hatua ya 4: Fungua sauti

Dakika 2 zatosha. Mkono wako uwe foromali, ule mti unaobeba tanga. Unapopanda, watoto wapandishe sauti "uuuuu" kutoka nene hadi nyembamba: twatweka tanga. Unaposhuka, washushe: twatua tanga. Panda haraka, shuka taratibu, simama katikati, wachezee.

Mchezo huu ni dawa ya mtoto anayesema badala ya kuimba. Hana kasoro ya masikio. Hajagundua bado kwamba koo lake lina sauti ya pili, tofauti na ya kuzungumzia.

Hapa kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili hutumia "sauti ya juu" na "sauti ya chini" kwa mambo mawili: ukubwa wa sauti na unene wake. Ukimwambia mtoto "imba juu", atapiga kelele, naye hajakosea. Darasani sema *nene* na *nyembamba* kwa jambo moja, *kubwa* na *ndogo* kwa jingine, na neno "juu" liache kwa vitu vya rafuni.

## Hatua ya 5: Fundisha wimbo

Wimbo wa kwanza uwe na mistari 4, maneno machache, na kiitikio kisichobadilika. Huu umetungwa kwa kazi hiyo, na mwalimu yeyote aweza kuuchukua:

*Mwalimu:* Dau la baba
*Watoto:* Laja, laja!
*Mwalimu:* Tanga li wazi
*Watoto:* Laja, laja!
*Mwalimu:* Lina samaki
*Watoto:* Laja, laja!
*Mwalimu:* Funga gatini
*Watoto:* Haya, haya!

Mahadhi: weka do, sauti ya kwanza ya ngazi, kwenye D4. Mstari wa kwanza, wa pili na wa nne wa mwalimu ni *mi mi re do do*. Wa tatu ni *so so fa mi mi*. "Laja, laja" ni *so mi so mi*, zile sauti mbili za kuitana. "Haya, haya" ya mwisho ni *re re do do*. Kila mstari pamoja na kiitikio chake una mapigo 4: DAu la, BAba, LAja, LAja. Wimbo mzima huchukua kama sekunde 8, kwa hiyo waweza kuurudia mara nyingi bila kuchosha.

Siku ya kwanza imba pande zote mbili, yako na yao, mara 4. Watoto wagonge mapaja tu. Usiwaombe kuimba. Mtoto anayeombwa kuimba asichokisikia vya kutosha hubahatisha, na kosa la kwanza ndilo linaloshika. Mara ya tatu wachache watajiunga wenyewe. Waache.

Siku ya pili geuza viganja vyako kuwaelekea inapofika zamu yao, vigeuze kwako inapofika yako. Usiimbe nao kiitikio. Hili ni gumu kwa walimu wengi, lakini ukiimba nao hutajua kama wanajua, nao hawataacha kukutegemea.

Siku ya tatu ndipo uwaonye kwamba mstari wa nne una jibu jingine. Watakosea, na hilo ndilo kusudi, maana mpaka jana walikuwa wakiitika kwa mazoea na sasa inabidi wasikilize. Ukiona asilimia kubwa ya darasa imeshika "Haya", wimbo umekaa.

Maelezo yawe mafupi. "Dau la nani? Lina nini ndani?" yatosha. Watoto wa Malindi mjini wasioishi na madau wabadilishie: "Tuktuk ya mama — Yaja, yaja". Angalia kiitikio kinavyobadilika kufuata nomino. Hapo mmefundisha sarufi bila kuitaja. Na kwa darasa la Ganda au Gede ambako nyumbani husemwa Kigiriama, mwombe mama au nyanya mmoja akupe maneno ya kwao. Mahadhi yabaki yale yale.

Usiseme kamwe "imbeni kwa nguvu". Sema: "Imba umsikie wa pembeni yako."

Umefaulu ukiona: kiitikio kinaingia kwa wakati hata ukifumba macho na kuficha mikono.

## Hatua ya 6: Badilisha jambo moja kwa siku

Wimbo ukishakaa, uchezeeni. Siku ya shwari mwimbe polepole, siku ya kusi mwimbe mbio. Siku nyingine dau liko mbali, sauti ndogo. Limekaribia, sauti kubwa. Ubadilishe jambo moja tu kwa siku, kwa sababu watoto huunganisha: wakienda polepole hupunguza sauti, wakienda haraka hupaza. Kazi yako ni kuyatenganisha mambo hayo. Mkiweza kuimba polepole kwa sauti kubwa, na mbio kwa sauti ndogo, darasa lako limesonga sana.

Wiki ya pili tembeeni kwa mapigo kuzunguka jamvi, wewe ukipiga ndoo kwa kiganja. Fimbo isitumike kwenye ndoo, italipuka masikioni mwa walio karibu.

## Hatua ya 7: Toa ala, moja moja

Siku ya kwanza vifuu tu. Siku ya pili vijiti. Manyanga mwisho, kwa sababu manyanga hulia hata mtoto akitikisika bila kukusudia, na kuyanyamazisha ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

1. Ala hukaa kwenye mapakacha, kila aina lake. Wewe ndiye unayegawa, watoto wasikimbilie.
2. Kila ala huwekwa mbele ya mtoto na "hulala" hapo. Atakayeigusa ikiwa imelala, ala yake huondolewa kwa upole, naye hupewa tena raundi ijayo. Ukikosa kufanya hivyo mara ya kwanza, hutaweza mara ya kumi.
3. Watoto 10 wapige, 20 wagonge mapaja na kuimba. Baada ya wimbo mara 2, zamu hubadilika.
4. Wapige penye kiitikio tu. Mtoto asiyejua lini aache, hajajua kupiga.
5. Tua tanga. Ala zirudi kulala.

Vijiti vishikwe ncha zikielekea sakafuni, mtoto akiwa ameketi. Anayetembea hashiki kijiti.

Mapigo yakivurugika baada ya kugawa ala, usiongeze mazoezi ya ala. Zirudishe kikapuni, rudi mapajani siku 2, ndipo uzilete tena. Na kila Ijumaa kagua chupa: yenye ufa itupwe siku hiyo hiyo, kwani punje moja yatosha kumkaba mtoto.

## Mtoto asiyeimba

Wapo watoto wanaokaa kimya wiki nzima, halafu mama anakuja kusema kwamba nyumbani mtoto huimba mpaka analala. Huyo anajifunza. Usimsimamishe mbele, usimtaje, na usiwaache wenzake wamcheke. Mpe kazi isiyo ya mdomo: ashike pakacha, au awe yeye anayetua tanga.

Tofauti naye ni yule asiyegeuka ukimwita jina kutoka nyuma, anayetazama wenzake kabla ya kufanya lolote, au anayetoka usaha sikioni. Zungumza na mzazi faraghani ampeleke zahanati akapimwe masikio. Kipindi cha muziki mara nyingi ndicho kinachomfichua mtoto asiyesikia vizuri, kwa hiyo angalia kwa makusudi.

## Wazazi wasiopendelea ala

Lamu, na sehemu za Malindi pia, wapo wazazi wanaokubali kasida na tari lakini hawataki mtoto wao apige ala nyingine. Wasikilize kabla hujaanza wiki ya pili, usingoje malalamiko. Hatua ya 1 hadi ya 6 hazitumii ala mkononi mwa mtoto, na mafanikio mengi yako humo. Ndoo yako ya hatua ya 6 waweza kuibadilisha kwa makofi. Siku za ala mtoto huyo abaki katika kundi la mapaja na sauti, bila kuonyeshwa kidole, maana kundi hilo ndilo kubwa na ndilo linalobeba wimbo.

Mwalike mzazi aje aketi jamvini kipindi kimoja, aitike "Laja, laja" pamoja na mwanawe.